Bakteria Ana Kitambulisho, Mbegu Haina

Nimechoka kusikia kwamba mkulima wa waru ni mvivu.

Nimeisikia kauli hiyo redioni, kwenye baraza la chifu, na kwenye semina za hoteli za Meru mjini ambapo chai ya saa nne huja na mandazi mawili na bahasha ya nauli. Msimu ukiharibika Kibirichia, Timau, au kule juu Embu mashamba yanapokaribia msitu wa Mlima Kenya, lawama hujua njia moja tu: kushuka. Wakubwa wanamlaumu afisa wa nyanjani. Afisa anamlaumu mkulima. Mkulima naye, kwa kuwa chini yake hakuna mtu, anamlaumu jirani mwenye kijicho au udongo uliochoka. Ati hakubadilisha mimea. Ati hakuosha jembe. Ati alipanda mbegu ya sokoni.

Mimi nasema ushahidi upo, umekuwepo tangu kabla sijazaliwa, na haumshtaki mkulima. Unaishtaki mbegu, pamoja na kila ofisi inayolipwa mshahara ili mbegu iwe safi. Ushahidi wenyewe ni alama za vidole. Si za binadamu. Ni za bakteria.

Kama unasoma hii ukiwa ndani ya matatu Thika Road, unaweza kuuliza inakuhusu nini. Inahusu chipo zako, mtu wangu. Viazi ndilo zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi. Yule msee wa kibanda aliyekupunguzia kipimo cha chipo bila kupunguza bei hakuamka na roho mbaya. Gunia lilimfikia Marikiti likiwa limepanda bei, na limepanda kwa sababu huko juu mlimani kuna shamba lililolala chali wiki mbili kabla ya mavuno. Sisi wa mjini tunalalamika mtandaoni kwa siku moja, halafu tunaagiza na kuongeza tomato. Aliyepanda ndiye anayebaki na deni.

Ugonjwa wenyewe unaitwa mnyauko bakteria. Ukiuona mara moja huwezi kuusahau. Saa saba mchana mmea unalegea kama mtu aliyepokea simu mbaya. Jioni unainuka, unajifanya mzima, na mwenye shamba anapata matumaini. Kesho unalegea tena, na siku chache baadaye hauinuki. Ukichimba, baadhi ya viazi vina ute unaotoka kwenye macho yake, udongo umegandia hapo, na ukivikata unakuta duara la kahawia ndani. Hakuna dawa ya kunyunyizia. Anayekuuzia chupa akisema itaponya mnyauko bakteria anakuuzia maji ya bei ghali.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishike wima ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina. Ukame hauwezi kufanya hivyo, wala ukungu. Hiyo glasi ingefundishwa katika kila shule ya msingi mlimani, watoto wangewaokoa wazazi wao hasara nyingi. Lakini glasi inakwambia tu kwamba mgeni yuko nyumbani. Haikwambii ni nani, wala alipitia mlango gani. Kwa hilo unahitaji alama za vidole.

Huyu bakteria ana historia ya mkora wa River Road: kila ukigeuka ana jina jipya. Erwin F. Smith wa Marekani alimwandika mwaka 1896 kwa jina Bacillus solanacearum. Kwa miaka mingi akaitwa Pseudomonas. Mwaka 1992 akawa Burkholderia. Mwaka 1995 akawa Ralstonia. Mwaka 2014 wakamgawanya kabisa, wakasema kumbe tulikuwa tunaita jina moja spishi tatu tofauti. Mtu wa nje akiona hivyo anaweza kucheka na kusema hawa wasomi hawana kazi.

Wana kazi, na kazi yao ni muhimu kuliko inavyoonekana. Zamani walimpanga bakteria kwa tabia. Anashambulia mmea gani? Hilo likawapa makundi waliyoyaita resi. Anatumia sukari gani na anashindwa na gani? Hilo likawapa bayova. Huyu wetu wa viazi vya baridi wakamwita resi 3, bayova 2. Ni sawa na kutambua matatu kwa rangi, grafiti na muziki wake. Unaweza kukisia ni ya ruti gani, lakini mwenye gari akienda gereji kwa siku mbili anarudi na rangi mpya na jina la mchezaji mwingine wa mpira mgongoni. Gari la wizi hulitambui kwa grafiti. Unafungua boneti, unasoma namba ya chesisi.

Alama za vidole za DNA ndizo namba ya chesisi. Ndani ya DNA ya bakteria kuna vipande vifupi vinavyojirudia sehemu mbalimbali. Mbinu inayoitwa rep-PCR inanakili sehemu zilizo kati ya vipande hivyo mara nyingi sana. PCR sote tuliijua mwaka 2020, kijiti kilipoingia puani. Nakala hizo zinapitishwa kwenye jeli kwa umeme. Fupi zinakimbia mbali, ndefu zinabaki nyuma, na mwishoni unapata mistari kama ya bidhaa ya supamaketi. Mbinu nyingine inakata jenomu yote kwa vimeng'enya na kupanga vipande vikubwa kwa ukubwa wake. Mistari ikilingana, hao ni ndugu. Ikitofautiana sana, hawana hata babu mmoja wa karibu. Siku hizi wanaweza kusoma jenomu nzima, herufi kwa herufi, lakini wazo ni lile lile.

Sasa shika hapa, maana kesi yangu yote imesimama hapa.

Mwaka 2005, watafiti Mark Fegan na Philippe Prior walipendekeza mpango wa kuwagawa bakteria hawa wote duniani katika koo kuu nne, walizoziita failotaipu, kwa kufuata DNA yao. Ukoo wa kwanza asili yake ni Asia. Wa pili, Amerika. Wa tatu, Afrika. Wa nne, Indonesia na majirani zake. Kwa hivyo Afrika ina ukoo wake, wa nyumbani, uliokuwa kwenye udongo wetu tangu zamani za kale. Kama ugonjwa wa waru za Meru na Embu ungekuwa unaota tu kutoka kwenye udongo kwa sababu mkulima ni mchafu, ungetegemea kukuta ukoo wa tatu ndio unaotawala, na alama tofauti tofauti kutoka mto hadi mto na kilima hadi kilima.

Hivyo sivyo ilivyo. Anayetawala kwenye viazi vya nyanda za juu za baridi ni tawi moja jembamba la ukoo wa pili, ambalo wataalamu wanaliandika IIB-1. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, kule kule kiazi chenyewe kilikotoka. Tawi hilo limeenea dunia nzima na bado linafanana karibu kama pacha: la Ulaya, la Asia, la Afrika. Tofauti zinazopatikana ni za watoto wa tumbo moja.

Bakteria hana mabawa. Hakuvuka Atlantiki kwa miguu, na hawezi kutembea mwenyewe kutoka Kibirichia hadi Runyenjes. Ukimkuta pacha yule yule kwenye mashamba yaliyo mbali hivyo, kuna kitu kilimbeba, na kitu hicho tunakijua. Anasafiri ndani ya kiazi cha kupanda, kiazi kinachoonekana kizima, ndani ya gunia, juu ya lori. Maandishi ya wataalamu yanaurudisha ugonjwa huu nchini Kenya hadi miaka ya 1940, na Embu inatajwa mwanzoni kabisa mwa hadithi hiyo. Yaani wakati mzee aliyezaliwa siku hiyo anapata vitukuu, sisi bado tunamwambia mjukuu wake aoshe jembe.

Na si kwamba hakuna aliyechunguza. Mwaka 1995, jarida la Applied and Environmental Microbiology lilichapisha utafiti wa J. J. Smith na wenzake kuhusu utofauti wa kijenetiki wa bakteria wa resi 3 hapa Kenya. Yaani alama za vidole za mhalifu wetu zilikuwa kwenye faili mwaka huo. Mimi sikuwa nimezaliwa. Tangu hapo watafiti wengine, Wakenya wengi kati yao, wamekusanya sampuli zaidi na kuzisoma kwa mbinu mpya zaidi. Faili limenenepa. Linalokosekana ni mtu wa kulibeba kutoka maktaba hadi kwenye lango la shamba.

Shangazi yangu analima waru upande wa Buuri. Ana nusu ekari. Miaka kadhaa iliyopita vijana wawili walikuja na gari jeupe, wakaomba kung'oa mimea michache iliyokuwa imenyauka. Walikuwa na adabu. Walimwita Mama, wakakubali chai. Wakaweka mashina kwenye mifuko, wakabonyeza kifaa cha kusoma mahali, wakaandika namba.

"Mtaniambia ni nini?" shangazi akauliza.

"Tutarudi na majibu, Mama."

Hawakurudi. Shangazi alichagua viazi vizuri kwa macho, akavihifadhi, akavipanda msimu uliofuata. Unajua kilichotokea.

Siwataji vijana hao wala taasisi yao, na kusema kweli sina hasira nao. Bajeti yao ilikuwa na fungu la mafuta, fungu la kemikali na fungu la kwenda kongamano. Fungu la kurudi kwa shangazi halikuwepo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulidai. Pengine mahali fulani kuna jedwali lenye mstari mmoja: namba ya sampuli, latitudo, longitudo, mwinuko, failotaipu. Huo mstari ni shamba la shangazi. Bakteria wake ana kitambulisho kamili, ana hadi anwani. Gunia la mbegu aliloletewa sokoni halikuwa na hata karatasi ya risiti.

Najua majibu nitakayopewa. Acha niyachukue moja moja.

Jibu la kwanza: mkulima angebadilisha mimea, ugonjwa ungepungua. Ni kweli kabisa. Bakteria anabaki kwenye udongo, kwenye magugu, na kwenye viazi vilivyosahaulika vinavyojiotea. Ukipanda mahindi au nafaka nyingine misimu kadhaa bila kiazi, unampunguza. Lakini umewahi kupima nusu ekari kwa hatua? Mwenye nusu ekari akikaa miaka miwili au mitatu bila zao linalomlipia karo, ule si mzunguko wa mimea, ni mfungo. Isitoshe, tuseme amefunga. Ameomba, ameoza, amengoja. Siku ya kurudi kwenye viazi ananunua gunia la mbegu sokoni, na ndani yake yumo mgeni yule yule. Amesafisha nyumba miaka mitatu kisha akamfungulia mlango.

Jibu la pili: wakulima wajifunze kuchagua mbegu kwa macho. Kuna ushauri mzuri wa kuweka vijiti kando ya mimea yenye afya na kuhifadhi mbegu kutoka kwa hiyo tu. Unasaidia, hasa kwa magonjwa ya virusi, na anayeufundisha namheshimu. Lakini kwenye baridi ya juu mlimani bakteria huyu ana ujanja wa kukaa kimya. Mmea unaweza kuwa naye ukabaki kijani, kiazi kikawa naye kikabaki laini na chenye kung'aa. Jicho la binadamu halioni DNA. Kumwambia mkulima atambue maambukizi yaliyojificha kwa kutazama ni kumwambia askari wa lango amtambue mwizi kwa sura.

Jibu la tatu, na hili ndilo hunichemsha: mbegu iliyoidhinishwa ipo, wao ndio hawanunui. Ipo, ndiyo. KEPHIS inakagua na kuidhinisha. KALRO Tigoni inazalisha. Kisima Farm iko pale pale Timau, ndani ya Meru, na inazalisha mbegu iliyoidhinishwa. Lakini piga hesabu nami. Ekari moja ya mahindi inataka mfuko wa kilo 10 wa mbegu. Unaubeba kwa pikipiki ukiwa umeufungia kwenye koti. Ekari moja ya viazi inataka takriban kilo 800. Magunia 16 ya kilo 50. Hiyo ni gari la kukodi, ni pesa za mkupuo mmoja, ni mtaji. Ndiyo maana wakulima walio wengi sana hupanda walichohifadhi wenyewe au walichonunua kwa jirani na sokoni. Mtu ambaye hajawahi kutoa pesa ya magunia 16 kwa siku moja asiniambie habari ya uvivu.

Jibu la nne linatoka upande mwingine, kwa marafiki zangu wanaharakati, na nalo pia silitaki. Wao husema: wazungu wanakuja kuchota bakteria wetu, wanatuibia jenomu, haya mambo ya DNA ni anasa ya maabara, mkulima anahitaji haki si jeli. Wapendwa, hapa haki ni jeli. Bila hiyo mistari, neno la mkulima ni lake dhidi ya la afisa, na tunajua nani hushinda. Mistari ndiyo inayoweza kusimama barazani na kusema: huu ugonjwa haukuanzia kwa huyu mama, uliletwa. Tatizo letu si kwamba sayansi ilifanywa. Tatizo ni kwamba ilifanywa nusu, ikaishia pale ilipopata jina la kuchapisha.

Ukitaka kuona inavyofanyika yote, tazama wenzetu walivyomchukulia huyu huyu bakteria alipobisha kwao.

Mwaka 2003, bakteria wa resi 3 bayova 2 aligunduliwa Marekani kwenye maua ya jeraniamu. Miche yake ilikuwa imetoka Kenya. Maua, si chakula. Lakini kwa sheria yao ya mwaka 2002 ya kulinda kilimo dhidi ya ugaidi wa kibayolojia, bakteria huyu alikuwa kwenye orodha ya hatari. Serikali yao ilifuatilia miche hadi kwenye vitalu vya majimbo mengi, ikafunga, ikapima, ikaharibu mimea. Na hapo kujua ni ndugu yupi kilikuwa kila kitu, kwa maana jeraniamu hushambuliwa pia na ndugu zake wengine ambao wakati huo hawakuwa kwenye orodha hiyo. Kipimo cha DNA kikawa ndicho kinachoamua nani anafunga biashara na nani anaendelea.

Uholanzi walipigwa na mlipuko mkubwa kwenye viazi mwaka 1995. Hawakuwaita wakulima wao wavivu. Walipima mbegu kwa wingi. Walifuata mito, wakamkuta bakteria kwenye magugu ya kando ya maji, wakakataza umwagiliaji kwa maji ya mito na mifereji katika maeneo yaliyoathirika. Mwaka 1998 Jumuiya ya Ulaya ikatoa maelekezo maalum kwa ajili ya bakteria huyu peke yake.

Kwa hivyo bakteria ni yule yule, tawi lile lile, karibu pacha. Akipatikana kwenye chungu cha maua cha mtu Marekani, ni suala la usalama wa taifa. Akipatikana kwenye chakula cha mchana cha Kibirichia, ni suala la tabia ya mkulima. Hapo ndipo mimi hushindwa kuvumilia. Na usikimbilie kuwalaumu Wamarekani, walilinda chao. Swali ni nani analinda chetu.

Kilimo kiligatuliwa. Katiba ya 2010 iliweka kazi hiyo mikononi mwa kaunti, na tangu 2013 kaunti zina serikali, zina mawaziri wa kilimo, zina magari yenye nembo. Kuzunguka upande huu wa mlima kuna Chuo Kikuu cha Embu, kuna Meru University of Science and Technology, kuna Chuo Kikuu cha Chuka, na kuna kituo cha KALRO Embu. Kila mwaka wanafunzi wa biolojia na kilimo wanatafuta mada za miradi kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Msiniambie watu hawapo.

Msiniambie pia kwamba ni ghali kupima kila kiazi. Hakuna anayepima kila kiazi. Unachukua viazi kadhaa kutoka kila shehena, unachanganya sampuli, unapima mchanganyiko. CIP, kituo cha kimataifa cha viazi chenye makao Lima, kule kule Peru, nchi ya milima ya Andes, kilitengeneza zamani kifaa cha bei nafuu cha kumgundua bakteria huyu bila maabara ya kifahari. Vipo pia vijiti vya kupimia shambani, vinafanana na vya mimba. Alama za vidole zenyewe, zile ghali kidogo, unazihitaji kwa sampuli chache, kujua ukoo na kufuatilia njia. Hii si safari ya mwezini.

Najua pia swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: huyu ni nani? Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Sina cheti, sina koti jeupe, naandika makala kwa malipo ya makala. Sawa. Lakini tafiti nyingi ziko wazi mtandaoni kwa yeyote mwenye bando na subira, na kusoma hakuhitaji kuvaa joho. Tena nadhani swali limegeuzwa. Kama kijana aliyeacha chuo anaweza kusoma kwenye simu kwamba ugonjwa unasafiri na mbegu, wale wenye shahada tatu na ofisi zenye zulia hawawezi kusema hawakuambiwa.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na ningependa uyadai nami, hasa wewe mwenye shosho anayelima na kura ya kupiga.

Kwanza, anayechukua sampuli kwenye shamba la mtu arudishe majibu kwa mtu huyo. Kwa ujumbe wa simu, kwa Kimeru, Kiembu au Kiswahili, ndani ya msimu huo huo. Kamati za maadili za vyuo na wafadhili waifanye sharti: bila fungu la kurudi, hakuna ruhusa ya kwenda.

Pili, kila kaunti ichapishe ramani ya mnyauko, wadi kwa wadi, kila msimu. Bila majina ya watu, mkulima asiaibishwe. Lakini anayenunua mbegu ajue kule inakotoka kuna nini.

Tatu, mbegu inayouzwa sokoni ipimwe hata kama haijaidhinishwa. Tuache kujifanya soko hilo halipo kwa sababu sheria hailitambui. Ndilo linalolisha nchi. Weka meza ya kupimia siku za soko kabla ya mvua, kama wanavyopima presha bure wakati wa kampeni. Gunia lililopita lipewe lebo. Lililoshindwa liende kupikwa, si kupandwa. Bakteria huyu hamdhuru binadamu, kiazi chake kizima unaweza kula.

Nne, pesa za ruzuku zisiishie kwenye mbolea. Unampa mtu mbolea ya kulishia mmea uliokwisha kuhukumiwa kufa. Toa ruzuku ya mbegu safi, hata gunia moja au mawili kwa kila boma, ayazalishe mwenyewe kwenye kipande kilichopimwa. Vijana wapewe mitaji ya vitalu vya miche ya viazi inayotoka maabara ya tishu. Hiyo ni kazi ya mtu wa umri wangu, na haihitaji digrii.

Haya yote hayatamaliza ugonjwa. Ameshaingia udongoni, atakuwa nasi. Lakini kuna tofauti kati ya kuishi na adui unayemjua na kulaumiwa kwa adui usiyeonyeshwa. Mkulima wa Meru na Embu ametoa mashina, ametoa udongo, ametoa chai. Bakteria aliyetoka kwake ana jina la ukoo, namba na mahali pa kuzaliwa. Nusu ya adabu tuliyompa bakteria ingetosha kwa gunia la mbegu: tujue linatoka wapi, na limebeba nani.

Mpaka hilo lifanyike, afisa yeyote atakayesimama barazani kuanza na "tatizo la wakulima wetu ni…", mtu amuulize kwa upole, kwa heshima zote: mbegu ilipimwa na nani? Halafu baraza lote linyamaze, lingoje jibu.